Chatu Wachanga Niliowatandikia Pamba

Mjomba wangu alikuwa mcheza nyoka pale Didia, na mimi nilichanjwa dawa ya nyoka, nikaingia chama chao cha ngoma, mara tu nilipoacha shule darasa la nne. Akanikabidhi chatu wachanga niwalee mpaka mavuno yaishe na ngoma zianze. Walikaa ndani ya chungu cha zamani cha pombe. Chini kulikuwa na mchanga uliochekechwa na majani makavu, juu ungo uliokandamizwa kwa jiwe.

Chungu kile nilikionea haya. Vijana wa kundi shindani walikuwa wakipita nyumbani wakicheka, "Chatu wa hawa wanalala jikoni!" Mimi si msemaji. Nilitafuta sanduku la mbao la sabuni, nikalitoboa matundu, nikatandika pamba ndani. Tulikuwa tumetoka kuvuna, ghala limejaa, na sikujua kitu cha heshima zaidi kuliko pamba.

Mke wa mjomba alichungulia akacheka.

"Mwanangu, unaozesha binti? Hata mimi sijawahi kulala hivyo. Mjomba wako umemuuliza?"

"Atapenda, mayu," nikasema, kama nilivyozoea kumwita mama.

Sikuwa nimemuuliza. Kumkabili mtu mzima kwa swali kulinishinda siku zote.

Siku ya kuwalisha, yule mdogo kuliko wote alimkamata panya, akajiviringisha kumzunguka, akaanza kummeza. Panya alikuwa amelowa mate, pamba ikamganda mwilini ikaingia naye. Panya akakwama kooni. Nyuzi zilining'inia pembeni mwa mdomo, na chatu akabaki ameachama, hawezi kumeza wala kutapika. Nikavuta uzi mmoja, kichwa kizima cha chatu kikaja nao. Nikaacha.

Mjomba alikuwa uwanjani kwenye mazoezi. Nilikimbia, kumbe siku hiyo na kundi lile jingine lilikuwepo, wamekuja kupanga siku ya mashindano. Nilisimama pembeni nikitumaini atatoka peke yake. Hakutoka. Nikamwona chatu akilini mwangu, kinywa wazi vile vile, nikaingia katikati.

"Sema basi," mjomba alisema.

"Chatu amekabwa. Mdogo. Nimewatandikia pamba."

Kicheko kikalipuka.

"Amemvika sanda kabisa!" mmoja akapiga kelele. "Bado kaburi tu!"

Mjomba hakucheka. Nyumbani aliniambia nishike mwili wa chatu, taratibu, nisibane. Alimdondoshea maji ya vuguvugu mdomoni, akakata nyuzi kwa wembe, kisha akamsukuma panya kwa kidole gumba kutoka chini ya koo, kidogo kidogo, mpaka akatoka. Chatu alilala kama kamba. Baadaye akafunga kinywa.

"Lowesha kidole, gusa unachotaka kutandika," mjomba alisema. "Kikiganda, nyoka atakimeza. Mchanga uliuona una kasoro gani?"

"Hauna, mjomba."

"Sasa?"

Ningemwambiaje kwamba ni kwa sababu ya kuchekwa? Mtu niliyechanjwa kabisa.

Aliwarudisha chunguni mwenyewe, akakihamishia chungu chumbani kwake. Siku ya mashindano, kijana mwingine wa kundi letu ndiye aliyembeba, badala yangu, yule mdogo shingoni. Watu walishangilia. Mimi nilikuwa nyuma ya wapiga ngoma, sichezi, namtazama chatu mdomoni tu, nione kama umefungika.