Bomba Nililolikata Fupi

Nnaikumbuka siku ile, mwanangu, mchana wa jua kali, nimelala chali chini ya gari uwani kwangu Hail, hapa Maskati, jasho linaniingia machoni na msumeno wa chuma mkononi. Nilikuwa nnakata bomba la moshi. Mke wangu Zuwena alitoka jikoni, akasimama mlangoni na tumbo lake la miezi mitano, akaniuliza kama nitakuja kula au nimeshashiba kutu. Nikacheka. Siku ile nilikuwa na furaha kuliko hata siku niliyopata kazi wizarani. Nikwambie mapema, usije ukadhani nnakupigia hadithi ya kujisifu: bomba lile nusura liniondolee watu wawili.

Wewe umenijia leo na ekzosi mpya umeibeba begani, unataka tukaifunge kwenye gari yako kuukuu. Tutaifunga, usiwe na wasiwasi. Lakini kaa kwanza. Kahawa hiyo, halwa hiyo, na spana hazina miguu ya kunikimbia.

Gari yangu ilikuwa ya Kimarekani, ya zamani, milango miwili, boneti refu, injini ya silinda nane. Niliinunua mwanzoni mwa miaka ya tisini kwa bwana mmoja aliyekuwa akikaa mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, anahama nchi. Watu wazima walinicheka. Kijana ndiyo kwanza ameoa, mke ana mimba, anakwenda kununua gari inayokunywa petroli namna ile. Zuwena hakunicheka, lakini alinitania. Gari akaiita mke mwenzake. Asubuhi akinikuta nnaifuta kwa kitambaa huniuliza, "Bi mdogo kaamkaje leo?" Nami humjibu kwamba kaamka salama, anamsalimia bi mkubwa. Tulikuwa tukiishi hivyo, kwa maskhara, na wallahi nyumba ile ilikuwa ndogo lakini haikuwahi kunibana.

Ekzosi ya ile gari ilikuwa imeoza yote. Hail iko pwani, chumvi inakula chuma hata ukiwa umelala. Nikaipeleka Wadi Kabir, kwenye magereji, kwa Fundi Mbarak, mzee wetu wa Unguja, mtu asiyepandisha sauti hata nyundo ikimwangukia kidoleni. Akaingia chini ya gari, akakaa humo muda, akatoka akipangusa mikono.

"Ibadilishwe yote," akanambia. "Kutoka injini mpaka nyuma. Hiki kipande cha mwisho kinachopanda juu ya ekseli ya magurudumu ya nyuma lazima kikunjwe, na kukikunja ni kazi. Niachie wiki mbili."

Wiki mbili mimi sina. Ijumaa ile tulikuwa na harusi ya binamu yangu, na vijana wote tunamsindikiza bwana harusi kwa magari. Mimi nikose? Nikanunua mabomba, nikanunua sailensa mbili, nikarudi nazo nyumbani. Nilikuwa nimeshamtazama Fundi akifanya kazi mara tatu nne, na ujana unakudanganya kwamba kutazama ndiyo kujua. Kile kipande cha kupanda juu ya ekseli kilinishinda. Nikakigeuza hivi, nikakigeuza vile, hakikukaa. Basi nikakiacha. Nikalikata bomba fupi, likaishia chini ya gari usawa wa kiti cha nyuma, nikakaza vibano, nikatia moto.

Mwanangu, ule mlio. Nisikufiche, mpaka leo nikiukumbuka moyo unanicheza. Ulikuwa mzito, wa kifuani. Majirani walitoka nje. Harusini watu waliacha kumtazama bwana harusi wakanitazama mimi, na mimi nikajiona nimewaweza mafundi wote wa Wadi Kabir.

Kila Alkhamisi alasiri tulikuwa tunakwenda Matrah kwa mama yangu, maana wakati ule mapumziko yalikuwa Alkhamisi na Ijumaa. Alkhamisi ya kwanza baada ya harusi, tuko njiani, vioo tumefunga, kiyoyozi kinavuma, Zuwena akanambia, "Nassor, kichwa kinaniuma. Nnasikia kama harufu ya moshi."

Nikamwambia ni mimba. Na kweli miezi ile kila kitu kilikuwa kinamnukia: samaki hawezi, vitunguu hawezi, hata sabuni yangu alinibadilishia. Nikamfungulia kioo, joto likatuvamia, akakifunga mwenyewe. Tulipofika Matrah akala vizuri, akacheka na mama, nikasema unaona, hana kitu.

Alkhamisi ya pili akanambia tena, safari hii polepole, kama mtu anayeomba radhi. Nikaudhika. Nnakwambia ukweli wangu wote, mwanangu, nikaudhika. Nilimsikia kama anaitia ila kazi ya mikono yangu. Sikumjibu vibaya, lakini nilinyamaza mpaka Matrah, na mke anakijua kimya cha mumewe.

Kesho yake nikaona haya, nikataka kumfurahisha. Sasa sisi watu wetu unatujua. Nyumba ikiwa na harufu tunafukiza, nguo tunafukiza, mgeni akiondoka tunamfukiza. Nikaenda sokoni Matrah nikanunua udi, udi khasa, si vijiti vile vya kubabaisha, na mama akanipa chetezo chake. Alkhamisi ya tatu kabla hatujaondoka nikakiweka chetezo ndani ya gari, nikafunga milango, nikaiacha inywe udi mpaka viti vikakolea. Kisha nikakitoa, nikamfungulia mlango kama bibi harusi. Zuwena akaingia, akavuta pumzi, akatabasamu.

"Inanukia vizuri," akasema.

Njia nzima hakutaja kichwa wala moshi. Nikajipongeza nimemaliza tatizo.

Alkhamisi ya nne nikafukiza tena. Kabla ya kufika Ruwi tukakuta magari yamesimama, sijui kulikuwa na nini mbele. Joto la nje halisemeki. Tukakaa vioo juu, kiyoyozi, injini inaunguruma chini yetu. Mimi nnaongea. Nilikuwa nnataka kuipaka gari rangi upya, namuuliza Zuwena nyekundu au buluu. Hakujibu. Nikadhani kanuna. Nikamuuliza tena kwa kumchokoza, nikamwambia mke mwenzako anataka nyekundu. Kimya. Nikageuka. Kichwa kimeegemea kioo, macho nusu yamefumba, na nilipomshika mkono ukaanguka wenyewe.

Nikafungua mlango, miguu yangu mwenyewe haina nguvu, nikazunguka kwa kushikilia bodi ya gari. Nikamtoa, nikamlaza ukingoni mwa barabara, kichwa chake mapajani mwangu, ninamwita. Dereva wa teksi aliyekuwa nyuma yetu, mtu wa Matrah, aliiacha teksi yake mlango wazi akaja mbio na chupa ya maji. Akanambia nisimzongee, nimwache apate hewa. Tukampepea kwa kilemba chake yule bwana. Baada ya muda, Mungu ndiye anayejua ulikuwa mrefu kiasi gani, akakohoa, akatapika, akasema jina langu. Yule bwana akatutia kwenye teksi yake, akapita kando ya barabara, akatupeleka hospitali. Gari yangu niliiacha pale pale njiani, milango wazi, na sikugeuka kuitazama.

Hospitali wakamtia hewa ya mtungi. Daktari alinusa kanzu yangu, akaniuliza tumekuja na gari gani, nikamweleza. Akanambia mkeo ameingiwa na moshi wa gari, na ule moshi unaoua khasa hauna harufu wala rangi. Unachokinusa ni mwenzake tu anayefuatana naye. Kisha muuguzi akaleta kile chombo cha kusikilizia moyo wa mtoto tumboni. Akakiweka hapa, hakusikia. Akakihamisha, hakusikia. Mimi nimeshika chuma cha kitanda. Sijawahi kumuomba Mungu kama nilivyomuomba pale. Akakisogeza chini kidogo, upande wa kushoto, na moyo ukasikika, unakwenda mbio mbio. Nililia mbele za watu, na sioni aibu kukwambia.

Zuwena walimweka mpaka kesho yake akaruhusiwa. Jumamosi nikaikokotesha gari mpaka Wadi Kabir. Fundi Mbarak hakunisalimia sana. Akafungua buti, akakunja zulia, na pale chini ya zulia nikaona mwanga unaingia kutoka ardhini. Mipira ya kuzibia matundu ilikuwa imekufa zamani na bati limeliwa na kutu. Akatia moto injini, akachukua utepe wa kitambaa, akaushika juu ya tundu. Utepe ukawa unapepea kwenda juu, kuelekea kwenye viti. Nilikuwa nimelikata bomba pale pale chini yake.

Akazima injini. Akaingiza kichwa ndani ya gari, akanusa.

"Udi huu wa nini?"

Nikamweleza.

"Mkeo alikwambia nini?"

"Alinambia anasikia harufu ya moshi."

"Na wewe ukafanya nini?"

"Nikafukiza udi."

Akatoa kichwa nje. Kisha akasema, kwa ile sauti yake ya chini, "Nassor, pua ya mkeo ilikuwa inakufanyia kazi yangu mimi. Ilikuonesha kosa lilipo, siku ya kwanza. Wewe ukaenda kununua kitu kizuri ukaiziba." Akafunga buti. "Na mimi ningekupiga makofi kama ungekuwa mwanangu wa kukuzaa, lakini naona umeshapigwa."

Hakuifanya ile kazi. Alinipa ovaroli, akanifanyisha mimi. Siku kumi na moja, kila nikitoka wizarani nnakwenda kwake. Nikaziba matundu ya buti yote. Nikakikunja kile kipande, nikakiharibu, nikakunja kingine, mpaka kikapanda juu ya ekseli kama inavyotakiwa na bomba likatokeza nyuma, nje ya bampa. Kisha akaziba mdomo wa bomba kwa tambara bichi, injini inakwenda, akanambia niingie chini nisikilize kila kiungo kama kinapumua, kinavujisha moshi. Viwili vilikuwa vinapumua. Nikavifanya upya. Gari ikawa na sauti ndogo, ya adabu, na mimi nikaona hiyo ndiyo sauti yake.

Lakini kilichonifunza si Fundi Mbarak wala daktari. Zuwena aliporudi nyumbani akapata nguvu, asubuhi moja tunakunywa chai, nikamuuliza. Nilimuuliza kwa hasira kidogo, hasira ya mtu aliyeogopa. Nikamwambia, "Ile Alkhamisi ya tatu, na ya nne, kichwa kilikuwa kinakuuma?"

"Kilikuwa kinaniuma."

"Na harufu uliisikia?"

"Niliisikia chini ya udi."

"Sasa mbona hukunambia?"

Akakizungusha kikombe chake, akasema, "Nilikwambia mara mbili, Nassor. Ya tatu ukaja na chetezo, umefurahi vile, umenifungulia na mlango. Nikasema nikitia neno tena nitakuvunja moyo. Kutoka Hail mpaka Matrah si mbali. Nikaona naweza kuvumilia."

 Nikainuka nikaenda uwani, nikasimama pale nilipokuwa nimelala na msumeno. Mtu alikuwa anakufa polepole pembeni yangu, mkono wangu unamfikia, na alikuwa anakufa kwa kunionea huruma.

Mtoto alizaliwa salama, alhamdulillahi. Ndiye Rayya, unamjua, leo ana watoto wake. Zuwena naye unamsikia huko ndani ananisahihisha, anasema kilichomshinda miezi ile haikuwa samaki, ilikuwa kuku. Sawa, ilikuwa kuku.

Basi sikiliza, mwanangu, na hili ndilo nnalokupa kabla ya spana. Bomba lako tutalipeleka mpaka nyuma, nje ya gari, hata kama linakawia wiki tatu na hata kama mlio utapungua. Matundu tutayatafuta tuyazibe kabla. Hayo ni ya gari. Lakini na nyumbani kwako sasa una mtu. Akikwambia kitu kinamuuma, usimtafutie sababu, usimletee zawadi mahali pa jibu. Simama, zima injini, toka ukatazame. Anayekupenda hatakugombeza kila siku. Atakwambia, na akiona umekunja uso atakwambia kwa upole zaidi, na akiona umefurahi atanyamaza. Ukiona amenyamaza usijipongeze kama nilivyojipongeza mimi. Mrudie umuulize, na umuulize kwa uso unaomruhusu kukujibu.

Mwenyezi Mungu akubarikie gari yako na safari zako, akuhifadhie uliyemkalisha pembeni yako, akupe sikio la kumsikia mara ya kwanza. Akupe watoto watakaokutania mbele ya wageni kama ninavyotaniwa mimi. Amin. Haya, maliza kahawa yako, niletee lile jeki.