Mkono Ambao Mama Hakutaka Kuuona

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na sehemu kubwa ya hasira hizo niliimalizia kwa mama yangu, mwanamke mpole kuliko wote ninaowajua. Sababu ilikuwa mkono wangu wa kushoto.

Nilizaliwa nao ukiwa mbele. Kijiko, jembe, jiwe la kufukuzia kunguru, vyote viliuendea vyenyewe. Kwetu kijijini Keringet hilo halikuwa jambo la mzaha. Mkono wa kushoto haumpi mtu chakula, haumsalimii mzee, haupokei kikombe. Basi kabla ya kula, mama alichukua kipande cha kitambaa chake cha kichwa kilichochakaa, akanifunga mkono ule ubavuni. Alifunga taratibu, akiingiza kidole chini ya fundo kuhakikisha haliniumi, kisha akaketi kando yangu huku nikijimwagia mboga kifuani kwa mkono wa kulia. Hakunipiga hata siku moja. Afadhali angenipiga, ningejua namna ya kumkasirikia.

Nilipomaliza shule nilishuka Nakuru, nikapata kazi ya kukata nyasi kwenye uwanja wa gofu. Niliona ni mchezo wa wazee wanaotafuta kisingizio cha kuchelewa kurudi nyumbani. Kisha siku moja baada ya kazi nikaokota fimbo kuukuu, nikasimama upande wangu, nikapiga. Mpira ukaondoka. Siwezi kueleza zaidi ya hapo. Uliondoka, nami nikabaki nimeinua mikono kama mjinga.

Shida ni kwamba fimbo zote zilikuwa za watu wa mkono wa kulia. Nilizigeuza ncha ya kichwa ikatazama chini, nikapiga kwa ncha hiyo ya chuma, na wakata nyasi wenzangu hawakuniacha. "Boss, hiyo ni golf ama unaua nyoka?" Nilipiga hivyo karibu miaka miwili, mpaka mwanachama mmoja wa klabu mwenye mkono kama wangu alipohama na kuniachia mfuko wake mzima. Hapo nikaanza kushinda vijana wa uwanjani, kisha wanachama, na mwisho nikafuzu kuwa mchezaji wa kulipwa. Sikuwa nyota. Nilikuwa yule jamaa ambaye jina lake huwa katikati ya ubao wa matokeo, mwaka baada ya mwaka, Nairobi, Eldoret, Kampala.

Mchezaji wa kushoto ana faida moja ambayo hakuna anayemwambia. Wenzake wakijipanga kufanya mazoezi, kila mmoja huona mgongo wa aliye mbele yake. Yeye, kwa kuwa husimama kinyume chao, huwaona nyuso. Nimeona ndimi zikiumwa, mashavu yakitetemeka, mkurugenzi mzima akinong'ona maombi. Katika nyuso zote nilizozitazama kwa zaidi ya miaka kumi, uso wa mama haukuwamo.

Nilimwalika kila mashindano yalipofika Nakuru. Mara ng'ombe yuko karibu kuzaa, mara viazi havijachimbwa, mara goti. Nikimpigia simu kumwambia nimemaliza wa nne, alimshukuru Mungu, akauliza kama nimekula, kisha akarudi pale pale.

"Na bado unatumia hiyo mkono?"

"Ndiyo, Mama."

"Mbele ya watu?"

Nimemkatia simu zaidi ya mara moja, na leo naona aibu kuandika hivyo. Nilitaka kitu kimoja tu: anitazame nikifanya kazi yangu, hata mara moja, bila kuinamisha macho.

Mwaka jana macho yenyewe yakaanza kumsumbua. Alikuja Nakuru kukaa nami na mke wangu ili aonwe na daktari, na daktari akasema jicho moja limeharibika sana na la pili litafanyiwa upasuaji, ila hakuahidi kitu. Wiki hiyo hiyo kulikuwa na mashindano. Nilishikwa na hofu. Asiponitazama sasa, huenda asiweze tena. Sikumwomba, maana nilikuwa nimechoka kukataliwa. Mke wangu ndiye aliyemvalisha sweta Jumapili baada ya kanisa, akamleta uwanjani bila kuomba ruhusa ya mtu.

Alinikuta nikijiandaa kwa raundi ya mwisho. Alinisalimia, akahisi glavu. Mchezaji wa kushoto huvaa glavu moja tu, mkono wa kulia. Mama akaugeuza mkono ule, akautazama wa kushoto uliokuwa wazi.

"Kwani sasa umefunga hii ingine?"

Mke wangu alicheka mpaka akashika kiti. Mimi sikucheka.

Nilicheza vizuri siku ile. Kufikia shimo la kumi na sita nilikuwa wa pili, mahali ambapo sikuwahi kufika. Hapo nikaupiga mpira vibaya, ukaingia kwenye nyasi ndefu karibu na miti ya misipresi ambako mama na mke wangu walikuwa wamesimama. Kabla sijafika, nikamwona mama anainama. Aliuokota mpira, akaufuta kwa sketi yake, akaja nao hadi katikati ya uwanja akitabasamu.

"Umeangusha, baba."

Maisha yake yote ameokota vitu vilivyoangushwa na watoto. Nami nikampigia kelele mbele ya watu wote. "Mama, wacha! Nani amekuambia uguse?"

Tabasamu lake likazimika. Wachezaji wenzangu wakaangalia viatu vyao. Msimamizi wa mashindano alikuja, akasema kwa upole kwamba hakuna adhabu, mpira urudi ulipokuwa, na kwamba aliyeuokota anaruhusiwa kuurudisha. Akamgeukia mama. "Mathe, tuonyeshe ilikuwa wapi."

Mama alikwenda moja kwa moja mpaka mahali penyewe, akapiga magoti, akauweka kwa mikono miwili kama anayerudisha yai chini ya kuku. Kisha msimamizi, kwa kuzoea wachezaji wa kulia, akamsogeza upande ambao alidhani ni mgongoni kwangu. Nilipoinua kichwa, mama alikuwa ananitazama, hatua chache tu mbele yangu.

Nilipiga. Mpira ukapita kati ya misipresi miwili, ukatua kwenye nyasi fupi karibu na shimo, na watu wakapiga makofi. Vichwa vyote viligeuka kuufuata. Cha mama hakikugeuka.

Nilimaliza wa tatu. Nilimkuta ameketi kwenye benchi na kikombe cha chai, nikachuchumaa mbele yake nikamwomba msamaha kwa zile kelele. Ni kama hakunisikia.

"Mimi sikuona mpira imeenda wapi," alisema. "Nilikuwa naangalia mkono."

Akaweka kikombe chini.

"Ulipozaliwa, mama ya babako alisema nimeleta mikosi kwa boma. Ng'ombe ikikufa, ni huyo mtoto wa kushoto. Mahindi ikikauka, ni wewe. Nilikuwa nakufunga ndio wasikuchukie." Alifuta jicho lake baya kwa kona ya kitambaa. "Na huku sikukuja sababu niliogopa watakucheka. Singeweza kuona watu wakikucheka."

Zaidi ya miaka thelathini nilikuwa nimeamini kwamba mama ananionea aibu. Nililia pale pale, mtu mzima, na viatu vya misumari miguuni.

"Sasa zile makofi," akauliza, "zilikuwa za hiyo mkono?"

"Ndiyo, Mama."

"Hakuna mtu alicheka?"

"Hakuna hata mmoja."

Aliniuliza tena mara tatu tukienda nyumbani, na mara zote tatu nilimjibu bila haraka.