Gauni la Buluu Lenye Mkono Mrefu

Fundi cherehani alipofiwa na mkewe, alizitia nguo za marehemu kwenye mifuko ya nailoni, akaikaza midomo kwa uzi, akaitundika kabatini na kupiga kufuli. Alitaka harufu yake isitoke. Mtu akibaki peke yake hupata akili za ajabu.

Maisha yake yote alikuwa akiwaonya wateja kwamba kitambaa kinataka hewa, hasa kwao, ambako unyevu hugeuza chumvi kuwa uji mezani. Mkewe ndiye aliyeyashika maneno hayo. Jua likichomoza baada ya mvua, alitoa kila kitu hadi soksi, akaanika uani, akaweka kopo la mkaa chini ya kabati linyonye unyevu. Mtaa mzima ulifanya hivyo, wanawake wakitaniana kamba kwa kamba. Sasa uani kumejaa vyumba vya kupangisha. Matundu ya hewa juu ya madirisha yamezibwa kwa saruji ili kiyoyozi kifanye kazi, na kiyoyozi chenyewe kimekufa. Nguo ikiota ukungu inatupwa, inanunuliwa nyingine. Nani ahangaike na mkaa?

Kila jioni fundi alilegeza uzi wa mfuko mmoja tu, akaingiza pua, akafunga haraka. Humo mlikuwa na gauni la buluu alilomshonea walipokuwa wachumba. Alilikata kwa macho, maana aliona haya kumpima, na mkono wa kushoto ukatoka mrefu. Alipotaka kuurekebisha, mke alikataa katakata. Alilivaa miaka yote akiukunja mkono huo, na wageni wakiuliza, aliwaambia mumewe alidhani ameoa kima.

Masika yalipoanza, kifua kilimbana fundi, binti yake akamchukua akauguzwe kwake. Aliporudi mvua zimekatika, alifungua kabati na harufu ya shimo ikampiga usoni. Ukungu ulikuwa umepanda mbaoni kama manyoya. Ndani ya nailoni, ambamo unyevu haukuwa na pa kutokea, nguo zilikuwa na madoa ya kijivu na meusi.

Binti alijifunga kitambaa puani, akatoa mifuko mmoja mmoja. Alisema marehemu angeyaona hayo, angemkimbiza mumewe na mwiko mtaa mzima. Fundi alicheka kidogo, kisha akashindwa kuendelea. Nguo nyingi zilichanika zilipoguswa tu. Gauni la buluu lilikuwa bado linashika.

“Hili linapona, baba,” binti alisema. “Siki na maji ya moto, tena leo, jua lipo.”

“Likifuliwa, mama yako ataondoka.”

Fundi akamsogezea kola, akamwambia anuse pale, chini ya ukungu, mafuta yake ya nywele bado yapo. Binti alivua kitambaa, akanusa kwa muda mrefu.

“Mimi nasikia ukungu tu, baba.”

Fundi alivuta ncha ya uzi kwenye pindo, ukakatika bila sauti. Alijua maana yake. Akiliacha, kwa mvua zijazo hatakuwa na gauni wala harufu. Akanusa kola mara ya mwisho, na hata yeye hakuwa na uhakika tena kama ananusa au anakumbuka. Hakumruhusu binti aguse beseni. Alilifua mwenyewe, polepole, kama anayeosha mtoto, maji yakawa ya kijivu, akayamwaga.

Walilianika kwenye kamba fupi iliyobaki kati ya kuta mbili. Lilipokauka lilinuka siki na jua. Fundi aliukunjua mkono wa kushoto. Sehemu nyingine zote zilikuwa zimechujuka, lakini ile iliyokunjwa ndani miaka yote ilikuwa buluu kali, kama siku alipoikata.

Aliukunja tena kwenye alama ileile. Kisha akalitundika kabatini, akaacha milango wazi.