Shimo la Wazungu

Nilikuwa na miaka tisa mwaka ule pamba yetu ilipokosa mnunuzi, baba akageukia dhahabu. Hadi leo nikinusa udongo mbichi wa chini, natazama juu kutafuta mwanga.

Tulivuka ziwa kwa kivuko cha Kamanga, tukatembea hadi mgodi ulioachwa na Wazungu zamani, nyumba zao zimebaki kuta na popo. Baba akanishusha kwa kamba kwenye shimo jembamba asilopita mtu mzima. Nikiwa chini nakwangua mawe, wachimbaji wengine wakatokea. Kwao mwanamke akiingia shimoni dhahabu inakimbia. Wangejua yumo binti, wangetupiga sote wawili.

Baba akaketi juu ya mdomo wa shimo. Mwanga ukaisha, na hewa nayo.

"Mzee, umepumzika au unaatamia mayai?"

"Miguu inauma, wanangu."

"Humo chini kuna nini?"

"Popo tu."

Chafya ikanijia, nikang'ata gauni. Wao wakawasha sigara, wakacheka, hawana haraka.

Walipoondoka baba akanivuta, akanifuta uso. "Mama yako asijue."

Shule niliishia darasa la tatu. Leo nina nyumba Misungwi, ng'ombe, mashine ya kusaga mawe, na mashimo matatu yenye leseni kwa jina langu. Hushuka mimi kwanza.