Mkwe Wangu Kabaki Nyikani

Nyie mliojaa hapa barazani, acheni bao kidogo mnisikilize. Leo nacheka, lakini siku ile nilikuwa nusu maiti.

Mnakijua kile kituo cha nyikani, ukitoka Moshi kurudi kwetu Tanga, ukishaipita Same? Vibanda vitatu vya chai na asali, basi. Jirani wao wa karibu anaishi mwezini. Jua la pale, wallahi, hata kivuli kinaingia chini ya lori kupumzika! Lakini kila basi lazima lisimame, watu wanywe chai, wakachimbe dawa vichakani: wanaume kulia, wanawake kushoto.

Nilikuwa namrudisha mama mkwe nyumbani kutoka hospitali. Katolewa mtoto wa jicho, jicho limefungwa bandeji, na sukari anayo. Mke wangu kajifungua juzi, kwa hiyo nikatumwa mimi. Mkwe! Adabu zetu mnazijua. Yeye kakaa kiti cha mbele, mimi nyuma kabisa na mabegi, tusigongane macho.

Watu wakarudi garini. Kondakta kauliza, "Wote wamo? Nani hayupo?"

Nachungulia, kiti cha mama kitupu. Nikafungua mdomo. Sasa niseme nini? Nitangaze mbele ya abiria wote kwamba mkwe wangu yuko kichakani? Mdomo ukajifunga wenyewe. Nikajipa moyo, labda kahama kiti. Kondakta kapiga bodi mara mbili, gari hiloo!

Jasho likanitoka ndoo nzima. Kila kichaka tunachopita naona tembo kamsimamia mkwe wangu. Mara simu. Mke wangu.

"Baba watoto, mama hajambo? Hebu mpe niongee naye."

Nikapiga yowe, dereva nusura arukie dirishani. "Simamisha! Mama mkwe kabaki kichakani!" Ile siri niliyoificha mwendo wote ule, sasa mpaka Mombasa wameisikia.

"We baba, si niliuliza?" kondakta kanifokea. "Ulimeza gundi?"

Nikashuka, nikadaka bodaboda. Njia nzima nasoma kila dua ninayoijua, zilipoisha nikatunga nyingine. Mgonjwa, jicho moja, sukari, jua lile. Akifa, binti yake nitamwambia nini? Kwamba niliona haya?

Nafika, huyo hapo kwenye kibanda cha chai, kajitanda kanga, midomo imekauka, mikono inatetemeka. Mama muuza chai anamnywesha uji. Nikapiga magoti kwa mbali, macho chini.

"Shikamoo, mama. Nisamehe."

Hata marahaba sikuipata.

Yule muuza chai akashindwa kuvumilia. "Na wewe bibi, gari limeondoka uko hatua kumi tu, kondakta anauliza unamsikia. Mbona hukuita?"

Mama mkwe kageuzia uso ukutani, akabwata:

"Niite, nitokeze kichakani, mkwe wangu aone nilikokuwa?"