Lena Hakunisindikiza

Mlango wa ofisi yetu hapa kwenye kiwanda cha chai hujifunga wenyewe. Unarudi polepole, unapumua, halafu: tap! Wenzangu hata hawausikii. Mimi nikiusikia narudi kuwa na miaka kumi na tatu, nimesimama nje ya shule moja Ujerumani, nimekasirika mpaka masikio yanawaka.

Tulikuwa wanafunzi wanane kutoka kwetu Kapkatet, tumepelekwa huko wiki tatu kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi. Niliketi na Lena, msichana mrefu, mkimya, aliyenikatia mkate wake kila mapumziko bila kuniuliza kama nataka. Mimi sikuwa mtu wa kutulia. Nilichungulia dirishani mchana kutwa nikiwaza nyumbani. Kando ya Lena nilitulia kidogo. Nilimpenda, basi.

Sasa, nyinyi mnajua kwetu mgeni haachwi mlangoni. Unambebea mzigo, mnapiga stori mpaka barabarani, na mkipendana mnapitiliza. Siku ya kuondoka nilingoja hilo tangu asubuhi. Basi likaja. Lena akanipa mkono, akasema kwaheri, akageuka, akaingia ndani. Mlango ukapumua. Tap!

Ati hivyo tu? Nilifunga kamba za viatu mara tatu. Nikashusha begi, nikalibeba tena. Nilitaka kujua jambo moja: huyu alikuwa rafiki yangu, au nilijidanganya?

"Chebet, panda! Ndege haitakungoja wewe!" mwalimu wetu akafoka.

Nilimnunia Lena mwaka mzima. Barua zake sikujibu hata moja.

Agosti iliyofuata ikawa zamu yao kuja, naye akakaa kwetu. Siku ya kurudi, mama alijitwika begi la Lena, tukashuka katikati ya michai kuelekea sokoni, gari lao lilikokuwa. Tulipofika kwenye lami, alipodhani tungeagana, hatukusimama. Lena akaanza kugeukageuka.

"Mnaenda wapi?" akaniuliza kwa Kiingereza.

"Tunakusindikiza," nikamjibu kwa ukali. "Kwetu mtu haachwi mlangoni."

Akasimama, uso umemwiva. "Siku ile nilikuwa nyuma ya mlango," akasema. "Nililia mpaka basi likaondoka. Sikutaka unione."

"Anasema nini?" mama akauliza.

Woi! Ningeanzia wapi? Nilimshika Lena mkono tu, na hata gari lilipoonekana sikuuachilia.

Nimekuja kujua ukubwani kwamba kuna watu wanaokuaga kwa kukukimbia. Lakini hata leo, mlango wa ofisi ukipiga tap, mara nyingine nainuka kitini, naufungua, na kuangalia kama kuna mtu.