Ngozi ya Maji ya Goryale

Kila asubuhi, kabla jua halijaanza kuuma, Lazarus Musembi alishuka hadi ukingoni mwa silanga ya Goryale, bwawa la kuchimbwa, na kichupa cha mafuta mkononi, akadondosha tone moja majini, akachuchumaa kulitazama. Tone likibaki duara kama jicho la samaki, alitabasamu. Likitanda na kupotea, alikunja uso, akauzunguka ukingo mzima kutafuta ni wapi kazi yake ilikuwa imevunjika.

"Daktari wa maji!" askari wa zamu walimpigia kelele. "Mgonjwa ameamkaje?"

"Ana nafuu. Homa imeshuka."

Ulikuwa mwaka wa 1967. Goryale ni nusu siku kwa lori kutoka Garissa, nchi ya vichaka na vumbi, na maji yake ni hayo tu. Vita vya shifta, waliotaka mkoa ule ujiunge na Somalia, vilikuwa vimeingia mwaka wa nne. Ili shifta wakose maziwa na maji, wafugaji walikuwa wamekusanywa na kuwekwa ndani ya kijiji cha seng'enge kando ya silanga. Mifugo iliyoandikwa langoni ilinyweshwa asubuhi mbele ya bunduki. Mnyama aliyeonekana majini saa nyingine yoyote alihesabiwa kuwa wa shifta, na aliyemchunga vivyo hivyo.

Musembi hakuja kwa ajili ya vita. Alikuwa mkemia wa maabara moja ya Nairobi, Mkamba wa upande mkavu wa Kitui, mtoto wa mama aliyekuwa akifukua mchanga wa mto kwa kibuyu na kungoja nusu siku kijae. Jambo alilolijua tangu utotoni ni kwamba jua hunywa maji mengi kuliko watu. Alikuwa amekuja kulinyang'anya. Alikuwa na magunia ya mafuta meupe, makavu kama nta, aliyoyatia ndani ya masanduku ya wavu yanayoelea. Kutoka humo mafuta yalijitandaza yenyewe juu ya maji, tabaka moja la chembe, jembamba hivi kwamba ungehitaji maelfu ya tabaka kufikia unene wa unywele. Likivunjika, lilijiponya. Na chini yake maji yalikaa. Alipaswa kuyapima siku mia moja, kisha ripoti ichapishwe ikiwa na jina lake.

Wanafunzi waliokuja kumjua miaka ya baadaye, alipofundisha shule moja ya Kitui, walisema alikuwa mtu asiyeeleza chochote. Aliandika ubaoni, akaketi. Wakati ule wa Goryale hakuwa hivyo. Alipenda kueleza kama wengine wanavyopenda tumbaku, na mtu pekee aliyemsikiliza alikuwa Saado, mjane wa kijijini aliyemletea maziwa ya mbuzi.

"Kila chembe ina kichwa na mkia," alimwambia siku moja. "Kichwa chapenda maji, mkia wayachukia. Basi zinasimama bega kwa bega, vichwa chini, mikia juu, zinabanana mpaka jua linakosa mwanya."

Saado alicheka hadi akaushika mlingoti wa hema. "Vichwa chini, mikia juu! Hiyo si dawa, walaal, ndugu. Hiyo ni ngamia nakunywa maji."

"Ndivyo hasa!"

"Na maziwa ikilala, si nafunika kichwa yake na ngozi? Mama yangu najua hii mambo, na hajaona shule."

Kijijini walimwita Musembi Subag, yaani samli.

Mwezi wa pili, adhuhuri moja isiyo na upepo, askari walipokuwa wamejilaza chini ya lori, Musembi alikosa la kufanya akaenda upande wa mbali wa silanga na kichupa chake. Tone likatanda. Akadondosha jingine. Likatanda pia. Ukingo ulikuwa umefagiliwa kwa tawi, lakini ndani ya maji tope lilikuwa bado limeshika alama za nyayo pana. Alipoinua uso alimwona Saado kando ya kichaka, tawi mkononi, na nyuma yake mtu akiwaswaga ngamia kuingia porini.

"Wangapi?" aliuliza.

"Kumi na tisa. Yule ni Hirsi, ndugu yangu. Kila siku ya nane naleta." Hakujaribu kuficha. "Ndani ya waya hakuna majani. Ile ngamia yangu niliandikisha, umeona mifupa yake kwa lango. Hii ndiyo imebaki. Hii ni maziwa ya watoto. Hii ikienda, mimi ni mtu wa kuomba. Sasa kama unataka kusema, sema."

"Sitasema."

"Wallahi?"

"Saado, hata mama yangu aliiba maji. Sitamwambia mtu."

Na hakumwambia mtu. Lakini kila siku ya nane kina cha maji kilishuka milimita moja na kitu zaidi ya ilivyopaswa, na kuandika tarakimu ya uongo hakuweza. Tarakimu moja ya uongo, aliamini, huozesha zote zilizo jirani nayo. Aliandika kile kipimo kilichosema, na pembeni akaongeza neno moja: *haijulikani*. Nani angesoma daftari la maji katika nchi ya bunduki?

Mwezi wa tatu akaja ofisa mpya, kijana mpole mwenye miwani, aliyesomea hesabu kabla ya kuvaa magwanda. Alimkaribisha Musembi kwa chai.

"Nifundishe," alisema. "Hapa nimechoka kuongea na watu wa risasi."

Miezi mitatu Musembi alikuwa hajaambiwa neno tamu kama hilo. Alileta daftari. Alichora vichwa na mikia. Alieleza masanduku, tone, kipimo, namna madebe ya kijiji yanavyohesabiwa langoni na kutolewa katika jumla. Ofisa aliuliza maswali ya mtu mwenye akili, na chai ikapoa.

"Kwa hiyo unajua jua limekunywa kiasi gani, na kijiji kiasi gani."

"Karibu kila tone!" Musembi alisema, uso ukimng'aa. "Kinachopungua zaidi ya hapo kina mdomo."

Neno lilikuwa limeshatoka. Ofisa alikuwa amerudi kurasa mbili nyuma, kidole chake kikishuka taratibu.

"Tarehe tatu. Kumi na moja. Kumi na tisa. Haijulikani, haijulikani, haijulikani."

"Ni upepo, afande."

"Upepo una kalenda?" Alilifunga daftari kwa upole, akamrudishia. "Umefanya kazi nzuri sana, Bwana Musembi."

Zilikuwa zimebaki siku mbili kufika tarehe ishirini na saba. Jioni hiyo lango la kijiji lilifungwa, na maji yakapelekwa ndani kwa lori. Musembi alikwenda langoni mara tatu kumtafuta Saado.

"Daktari, mgonjwa wako yuko huko chini," askari alimwambia mara ya tatu, na safari hii hakuwa akicheka. "Rudi kwake."

Hirsi alikuwa mahali fulani porini, na Musembi hakujua hata upande wa kuelekea. Adhuhuri ya tarehe ishirini na saba aliketi hemani akitazama chini ya lori. Hapakuwa na mtu aliyelala. Aliomba ngamia wasije. Walikuja, wamekaa siku nane bila maji, na waliposhusha vichwa wote kwa pamoja, mikia ikiwa imegeukia pori, risasi zilianza. Hazikuchukua muda wa sufuria ya chai kuchemka. Hirsi alifungwa mikono, akapandishwa lorini, na hakuna aliyepata kuambiwa alipelekwa wapi.

Mizoga ilivutwa kutoka majini kwa kamba hadi jioni. Kesho yake lango likafunguliwa. Musembi, kwa mazoea tu, alikuwa ameshuka na kichupa chake. Tone lilibaki duara, duara kabisa, kila upande alioupima. Mafuta ya nundu za ngamia yalikuwa yameziba kila mwanya. Kipimo kilikuwa hakijawahi kushuka kidogo vile. Hakukiandika.

Saado alikuja na debe, kwa kuwa maji mengine hayakuwepo.

"Nani ulimwambia?" aliuliza.

"Sikumwambia mtu, Saado. Alitaka kuijua kazi yangu. Nilimweleza kazi tu."

"Hapana," Saado alisema. "Mimi pia ulinieleza. Mimi sikuua mtu."

Aliinama, akaitenga ngozi ya mafuta kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayetenga utando wa maziwa. Akalijaza debe, akalipandisha kichwani, akaondoka. Nyuma yake ngozi ilijifunga.